Shirati, 1934 hadi 1967: kusanyiko la Wamennonite lilivyopata wenyewe

Kwa watu wengi wa mkoa wa Mara, Shirati ni hospitali. Ukisema unakwenda Shirati, swali linalofuata ni nani anaumwa. Wagonjwa wamekuwa wakiletwa pale kutoka visiwani, kutoka Tarime, hata kutoka ng'ambo ya mpaka, na jina la Kanisa la Mennonite wanalijua kwa sababu limeandikwa pale. Lakini kabla ya wodi na chuo cha wauguzi palikuwa na kusanyiko, dogo sana, la watu wachache waliokuwa wakiabudu na wageni waliotoka Marekani. Kisa cha kusanyiko hilo nakiona kuwa kimojawapo cha visa vinavyofundisha zaidi katika historia ya makanisa ya Tanzania, na ni watu wachache wa nje ya Mara wanaokifahamu.

Swali la kisa chenyewe ni hili: kanisa lililoletwa na wageni, lenye sheria za wageni, fedha za wageni na askofu mgeni, huwa la wenyeji lini? Kwa karatasi jibu ni rahisi. Mwaka 1960 kanisa lilijitegemea kikatiba, na Januari 15, 1967 Zedekia Kisare aliwekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza Mwafrika. Kwa maoni yangu tarehe hizo zilithibitisha tu jambo lililokwisha kutokea miaka mingi nyuma, Agosti 1942, katika mkutano ambao hakuna bodi iliyoupanga wala kamati iliyoupigia kura.

Watu wa Lancaster

Wamennonite ni tawi la Waanabaptisti, watu waliojitenga na makanisa ya dola huko Zürich, Uswisi, Januari 1525. Walisema mtoto mchanga hawezi kuamini kwa niaba yake mwenyewe, hivyo ubatizo ni wa mtu mzima aliyeamua. Walikataa upanga na walikataa kiapo. Kwa msimamo huo waliwindwa na Wakatoliki na Waprotestanti kwa pamoja. Felix Manz, mmoja wa viongozi wao wa mwanzo, alizamishwa katika mto wa Zürich Januari 1527. Jina lao walilipata baadaye kwa Menno Simons, padri wa Uholanzi aliyeacha upadri mwaka 1536 akawa mchungaji wa watu hao waliotawanyika.

Wengi walikimbilia Pennsylvania. Wale wa Lancaster, waliofika kuanzia 1710, walikuwa wakulima. Katika karne ya 20 walikuwa bado watu wa kujitenga na dunia: wanaume makoti yasiyo na kola, wanawake magauni ya namna moja na kofia nyeupe za wavu kichwani, nyimbo kwa sauti nne bila kinanda. Watu wa aina hii hawakuwa na haraka ya kwenda mbali. Bodi yao ya misheni iliundwa mwaka 1914, lakini walikaa miaka ishirini kabla ya kutuma mtu ng'ambo. Walipotuma ilikuwa katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, wakati mashamba ya Marekani yalikuwa yakifilisika. Hilo lina uzito. Fedha iliyokuja Shirati ilitoka kwa wakulima wa ng'ombe wa maziwa na tumbaku ambao wenyewe walikuwa wakihesabu senti.

Mwishoni mwa 1933 Elam Stauffer na Orie Miller walisafiri kuja Tanganyika kutafuta mahali. Miller alikuja kusaidia kuchunguza, kisha arudi. Stauffer alikuja kukaa. Walipata msaada wa Emil Sywulka wa Africa Inland Mission pale Mwanza, naye akawaelekeza kwenye wilaya ya Musoma. Mapema mwaka 1934 wakaichagua Shirati. Mkewe Stauffer, Elizabeth, akafika, pamoja na John na Ruth Mosemann. Mwaka huohuo, upande wa kusini wa wilaya ileile, mtoto wa chifu wa Wazanaki alianza masomo katika shule ya Mwisenge, Musoma. Ndiye Julius Nyerere. Nalitaja hilo kwa sababu tunapenda kuizungumzia historia ya misheni kama vile ilitokea katika nchi iliyolala. Mara ya 1934 haikuwa imelala.

Shirati nayo haikuwa mahali patupu. Wajerumani walikuwa na kituo chao pale, na Waingereza waliitwaa Januari 1915. Wajaluo wa Shirati walikuwa na ndugu zao pande zote mbili za mpaka ambao Wazungu waliuchora bila kuwauliza. Dini mpya walikwisha kuiona: Wasabato walikuwa Gendia, upande wa Kenya, tangu 1906, na mafundisho yao yalikuwa yakivuka na watu waliokwenda kusoma au kutafuta kazi. Kwa hiyo Wamennonite walipoanza kuhubiri walikuta wasikilizaji wenye maswali ya kulinganisha. Wale wanazamisha watu ziwani, ninyi mbona mnamwagia maji kichwani? Wale wanashika Jumamosi, ninyi mbona Jumapili?

Sheria walizokuja nazo

Mkutano Mkuu wa Lancaster, yaani muungano wa makusanyiko ya huko, ulikuwa na maagizo saba: ubatizo, ushirika wa meza ya Bwana, kutawadhana miguu, wanawake kufunika kichwa wakati wa ibada, busu takatifu, kupaka mafuta wagonjwa, na ndoa. Yote saba yalikuja Shirati. Pamoja nayo zikaja kanuni za mavazi na mapambo, na msimamo mkali kuhusu ndoa ya wake wengi.

Hili la mwisho ndilo lililoamua sura ya kusanyiko. Katika boma la Mjaluo mke mkubwa ana nyumba yake mahali pake, wa pili mahali pake, na mpango wa wake ni mpango wa urithi, wa mashamba, wa ng'ombe na wa heshima ya mzee mbele ya wenzake. Misheni ilipokataa kumbatiza mwenye wake zaidi ya mmoja, ilikataa kwa mkupuo mmoja karibu kila mzee mwenye sauti katika nchi ile. Waliobaki mlangoni ni vijana ambao hawajaoa au waliooa mke mmoja, wasichana, wajane waliokataa kurithiwa na ndugu wa marehemu, na wake waliokuja peke yao bila waume. Kisare mwenyewe alikuwa mmoja wa vijana hao wa mwanzo, pamoja na mkewe Susana.

Kusanyiko lililojengwa hivyo lina udhaifu wake unaoonekana wazi. Halina wazee. Halina ng'ombe wala ardhi ya kwake. Hukumu zake hazina nguvu nje ya uzio wa misheni. Lakini lina jambo jingine ambalo wamisionari, nadhani, hawakulihesabu: kila aliyeingia alikuwa amelipa. Msichana aliyekataa kuolewa mke wa tatu alikuwa amegombana na baba yake na wajomba zake, na baba alikuwa amekosa mahari. Hapakuwa na mtu wa kuzaliwa Mmennonite pale Shirati. Bila kukusudia, Lancaster ilirudisha hali ya Zürich ya 1525, kanisa la watu wazima walioamua kwa gharama. Huko Lancaster kwenyewe, kufikia wakati huo, watu walikuwa Wamennonite kwa sababu mama zao walikuwa Wamennonite.

Nitue kidogo kwenye kutawadhana miguu, maana hapo ndipo mvutano wote wa kisa hiki unapoonekana kwa macho. Agizo linatoka Yohana 13. Baada ya mkate na kikombe, mabeseni ya maji na taulo hutolewa, wanaume upande wao na wanawake upande wao. Wawili hukabiliana. Mmoja huinama, huosha miguu ya mwenzake mmoja baada ya mwingine, huikausha kwa taulo, kisha hubadilishana nafasi. Wakimaliza husimama, hupeana mkono na busu takatifu, na kutakiana baraka. Ni tendo la dakika chache tu. Sasa liweke katika nchi ambayo mke wa mwana ndiye anayemchotea maji mama mkwe, ambayo mdogo hashiki mwili wa mkubwa ovyo, ambayo miguu ya mtu aliyetembea kutwa ina vumbi, nyufa na funza. Mkwe na mama mkwe wakikutana kwenye beseni moja, na mama mkwe ndiye anayepiga magoti, kila aliyeko mle anaelewa kwamba kuna kitu kimepinduliwa.

Mzungu naye alipiga magoti. Huo ni ukweli, na haufai kupuuzwa. Katika Tanganyika ya miaka ya 1930 hapakuwa na mahali pengi ambapo mtu mweupe aliosha miguu ya mtu mweusi. Lakini ibada hiyo ilifanywa mara chache kwa mwaka. Siku nyingine zote, nyumba ya mmisionari ilikuwa juu na nyumba ya mwalimu Mwafrika ilikuwa chini, mmisionari alishika fedha na mwalimu alipokea mshahara kutoka mkononi mwake, mmisionari aliamua nani abatizwe na nani asimamishwe ushirika kwa sababu ya bangili au pombe. Kwa hiyo kulikuwa na mafundisho mawili pale kilimani, moja la beseni na jingine la kila siku, na watu waliyasoma yote mawili.

Kazi ilikua hata hivyo. Bukiroba ilifuata mwaka 1935, Mugango 1936, Bumangi kwa Wazanaki 1937, Nyabasi kwa Wakuria 1940. Kila kituo kilikuwa na lugha yake, hivyo walipokutana pamoja ilibidi Kiswahili kiwaunganishe, na tangu mwanzo kanisa hili halikuweza kuwa la kabila moja.

Agosti 1942

Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu la toba na kuungama lililopita makanisa mengi, haukuanzia kwa Wamennonite wala kwa Wamarekani. Mizizi yake iko kwa Waanglikana wa Uganda na Rwanda: urafiki wa Simeoni Nsibambi wa Namirembe na daktari Joe Church mwaka 1929, kisha moto wa kiroho uliowaka katika hospitali ya Gahini, Rwanda, miaka ya 1930. Kutoka huko ulisambaa kwa timu za watu wa kawaida, wauguzi, walimu na wakulima, wakienda kwa miguu na kwa lori, wakiimba Tukutendereza Yesu kwa Kiganda hata mahali ambapo hakuna Mganda. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ulikuwa umefika Bukoba, ng'ambo ya ziwa.

Ujumbe wake haukuwa na fundisho jipya, na hapo ndipo nguvu yake ilipokaa. Ulisema tu kwamba wewe unayejiita Mkristo una dhambi unazozificha. Zitaje kwa majina, mbele ya ndugu, sasa hivi, na damu ya Yesu itakusafisha. Mtu husimama katikati ya mkutano. Hasemi “mimi ni mwenye dhambi” kwa ujumla, maana hiyo kila mtu husema. Anasema niliiba sabuni ghalani, nilimdanganya mke wangu kuhusu fedha, ninamchukia fulani aliyekaa pale. Akimaliza, wenzake hupokea kwa wimbo na kumkumbatia. Kesho yake utamwona anakwenda kwa mwenye mali na sabuni mkononi, au na fedha, kurudisha. Kurudisha huko kuliwashangaza mabwana wa kikoloni kuliko mahubiri yoyote.

Agosti 1942 moto huo uliwaka Shirati. Waumini walianza kulia na kuungama. Hadi hapo ni habari inayofanana na ya vituo vingi. Lililoitofautisha Shirati, na ndilo ninaloliona kuwa kiini cha kisa, ni kwamba maungamo hayakuishia kwa Waafrika. Wamisionari nao waliungama, na miongoni mwa walichoungama ni kiburi chao cha kujiona juu ya watu waliokuja kuwahubiria.

Fikiria uzito wa jambo hilo kwa wakati wake. Vita Kuu ya Pili ilikuwa inaendelea. Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza, na rangi ya mtu ilikuwa ndiyo sheria: mahali pa kukaa, hospitali, mshahara, hata namna ya kusalimu. Mmisionari alikuwa hakimu wa kusanyiko. Yeye ndiye aliyekuwa akisikiliza maungamo ya wengine na kupima kama yanatosha. Siku anaposimama mahali pale wanaposimama watoto wake wa kiroho, akasema na mimi nimekosa, na nimekosa kwenu, hakimu hayupo tena. Wamebaki wenye kusamehewa peke yao, na anayetangaza msamaha ni mwenyeji.

Hapo ndipo ninaposema kusanyiko lilipata wenyewe. Wamisionari hawakukabidhi chochote siku hiyo. Walipoteza tu ile nafasi ya kutohukumiwa, na mamlaka yakahama yenyewe. Kuanzia hapo aliyesikilizwa ni aliyetembea nuruni, yaani asiyeficha dhambi zake, awe mwalimu, mpishi wa misheni au mwanamke asiyejua kusoma. Wanawake hasa. Katika kanisa la Lancaster mwanamke hakuhubiri. Katika mikutano ya uamsho alisimama akashuhudia, na wanaume wakaketi wakimsikiliza, kwa sababu ushuhuda hauombi cheo. Kadhalika kula pamoja, kutembeleana nyumbani na kuitana ndugu vilianza kuwa mambo ya kawaida kati ya watu ambao jana yao waliishi juu na chini ya kilima kimoja.

Na mto ulirudi ulikotoka. Wamisionari waliporudi likizo Pennsylvania walikwenda na uamsho huo, wakiungama mbele ya watu wao wenyewe, na vikundi vya ushirika vikaanza kati ya Wamennonite wa huko. Wakulima wa Lancaster waliotuma watu kufundisha Wajaluo wakajikuta wanafundishwa.

Ukuta mpya

Nisingetenda haki nikiishia hapo, maana uamsho uliobomoa ukuta mmoja ulijenga mwingine.

Palipokuwa na wageni na wenyeji, sasa pakawa na waliookoka na ambao bado. Mtu aliyebatizwa 1936, mwaminifu katika ibada, mwenye mke mmoja, asiyekunywa pombe, aliambiwa hajaokoka kwa sababu hajasimama kuungama. Mikutano ya ndugu iliendelea usiku, baada ya ibada rasmi, na hapo ndipo mambo mengi yalipoamuliwa. Ambaye hakuwa wa ushirika alijua kwamba hayupo. Vilevile kuungama hadharani kuna hatari yake: mtu anaweza kutaja dhambi yake na jina la mwenzake ndani yake, na yule mwenzake hakuwa tayari. Ndoa zilitikisika kwa namna hiyo.

Sitaki kuufanya udhaifu huu uwe mkubwa kuliko ulivyo. Upande wa Kenya, kati ya Waanglikana wa Nyanza, uamsho uliishia kwa mfarakano, na mwaka 1957 kundi la Johera lilitoka na kuanzisha kanisa lake. Kwa Wamennonite wa Mara ulibaki ndani ya kanisa. Naona sababu kubwa ni hiyohiyo ya 1942. Johera walikuwa na uongozi wa kanisa wa kuupinga. Shirati uongozi wenyewe ulikuwa umevunjika na kuungama, kwa hiyo ndugu wa uamsho hawakuwa na mtu wa kumkimbia.

Faida nyingine ilionekana kwa kuvuka mpaka. Wajaluo waliookoka Shirati walikwenda kwa ndugu zao wa Nyanza Kusini wakishuhudia, kwa miguu, bila bodi na bila posho. Kanisa la Mennonite la Kenya lina mizizi yake katika safari hizo. Kwa muda mrefu lilikuwa kanisa bila mmisionari mkazi na bila usajili, na watu waliendelea kukusanyika hivyohivyo.

Karatasi zinafuata

Baada ya hapo mambo ya kiofisi yalikwenda kwa mwendo wake, na hayahitaji maneno mengi. Wachungaji wa kwanza Waafrika waliwekewa mikono mwaka 1950. Mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya uhuru, kanisa likawa chombo kinachojitegemea kwa jina la Kanisa la Mennonite Tanganyika, na baada ya Muungano likawa KMT, Kanisa la Mennonite Tanzania.

Uaskofu ulikuwa mgumu zaidi. Kanisa sasa lilikuwa na Wajaluo kaskazini, na Wajita, Wakwaya, Wazanaki, Wakuria na wengine kwingineko, na kila upande ulijua kwamba askofu atakuwa wa lugha fulani. Uamsho ulikuwa umewafundisha watu kwamba mbele ya msalaba hakuna Mjaluo wala Mjita, lakini kura hupigwa na watu, na Mmarekani Donald Jacobs alishika uaskofu kwa muda katikati ya miaka ya 1960. Hatimaye akawekwa Kisare, Januari 15, 1967. Wiki tatu baadaye, Februari 5, TANU ilitangaza Azimio la Arusha. Nchi nzima ilikuwa inazungumzia kujitegemea, na kanisa hili lilikuwa na askofu ambaye miaka 33 kabla alikuwa kijana akiwatazama Wazungu wakifika kijijini kwao.

Kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka 1984, zinamwonyesha mtu asiyeona haya kuwa Mjaluo na Mmennonite kwa pamoja, na asiyewachukia waliomletea imani wala kuwatukuza. Uongozi wake ulipita katika kipindi kigumu: Sheria ya Elimu ya 1969 ilizitia shule za misheni mikononi mwa serikali, na kanisa likapoteza kwa siku moja mlango ambao vijana wengi waliingilia. Hospitali ilibaki. Ilibaki na kazi nzito kiasi kwamba kati ya 1977 na 1982 watoto wa Mara Kaskazini walipewa klorokwini katika utafiti mkubwa wa kimataifa, kupima kama kupunguza malaria kunapunguza ile saratani ya taya iliyokuwa ikiwaua wengi ukanda huu. Baadaye kanisa likagawanywa dayosisi mbili, Mara Kaskazini na Mara Kusini, na Hezekia Sarya akawa askofu wa kusini. Kwa maoni yangu mgawanyo huo ulikuwa wa lazima kwa jiografia, lakini ulikuwa pia kukiri kwamba swali la lugha na kabila halikuzikwa 1942.

Kilichoshika na ambacho hakikushika

Mchambuzi wa kisa hiki akijiuliza ni kipi katika mzigo wa Lancaster kilichoota mizizi, atapata matokeo ambayo hayangetabirika kutoka Pennsylvania.

Kanuni za mavazi zililegea. Hata Lancaster kwenyewe zimelegea. Ubatizo wa waliokwisha kuamini ulishika barabara. Nyimbo zilishika, lakini ngoma na kwaya zikaingia. Kutawadhana miguu kukabaki kuwa alama ya Mmennonite mbele ya majirani zake.

Fundisho la amani ndilo linalonisumbua. Kukataa vita ni uti wa mgongo wa imani hii. Ni mmoja wa misimamo iliyofanya Waanabaptisti wawindwe. Lakini Mara ni mkoa wa askari. Waingereza waliandikisha Wakuria wengi katika King's African Rifles, na hadi leo Mtanzania akisikia mtu anatoka Mara haraka hufikiria jeshi. Wizi wa ng'ombe kati ya koo umeua watu vizazi kwa vizazi. Kusanyiko la Shirati lilipewa fundisho la amani katika umbo la Lancaster, yaani kijana akatae kuandikishwa jeshini, jambo linalohusu serikali na sare. Swali la Mara lilikuwa jingine: ng'ombe wa baba yako wamechukuliwa jana usiku, vijana wa ukoo wanachukua mishale, wewe Mmennonite unakwenda au hukwendi? Katika swali hilo uamsho ulisaidia kuliko katekisimu. Mtu aliyezoea kusimama na kusema ninamchukia fulani, na kwenda kwa fulani kumwomba msamaha, tayari anafanya kazi ya amani hata kama hajawahi kusikia jina la Menno Simons. Fundisho zima, lenye historia yake na hoja zake, sidhani liliwahi kufundishwa kwa watu wa kawaida kwa kiwango kilichostahili, na linaweza kufundishwa sasa. Kwa hesabu za Mkutano wa Mennonite Duniani, Wamennonite wa Afrika ni wengi kuliko wa bara lingine lolote, na walipokutana Zürich Mei 2025 kuadhimisha miaka 500, historia iliyosherehekewa ilikuwa yao pia.

Kuna kazi moja ambayo haiwezi kusubiri. Barua, ripoti na shajara za wamisionari zimetunzwa Marekani, kwa Kiingereza. Ndizo zinazotumika kila anapotokea mtu wa kuandika historia ya Shirati, na ndiyo maana 1942 husimuliwa zaidi kwa macho ya wageni: walivyovunjika, walivyoshangaa, walivyobadilika. Upande wa pili uko kwa Dholuo, Kijita na Kiswahili, katika vinywa vya watoto na wajukuu wa waliosimama siku ile, na wengi wao sasa ni wazee. Simu yenye kinasa sauti ipo karibu katika kila nyumba ya Rorya, wilaya iliyo na Shirati. Vijana wa KMT wana uwezo wa kukaa na bibi zao na kuuliza: nani alisimama kwanza, alisema nini, baba yake alifanya nini aliposikia, na yule aliyekataa kuungama aliishije baadaye katika kusanyiko lile.